Kompyuta ya mezani yenye kasha jembamba: kadi ya waifai itaingia wapi?

Steshenari_Ngamiani

Wadau, salaam.

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga mjini. Kopi, kuprinti, kadi za harusi, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 3020, mtumba, lile kasha jembamba wanaloliita SFF. Ndani kuna sloti mbili tu. Ile ndefu imeshakaliwa na kadi fupi ya grafiki kwa ajili ya kazi za kudizaini. Imebaki ile ndogo, urefu wake kama inchi moja, na upenyo wake wa nyuma ni mfupi mno.

Intaneti naipata kwa ruta ya laini ya simu. Ruta inakaa uani kwa sababu huku mbele dukani mtandao wa simu unasuasua. Kati ya uani na duka kuna kuta mbili za nyumba ya zamani, nene, mawe na chokaa, na mwenye nyumba hataki hata kusikia habari ya kutoboa. Kwa sasa natumia kidude cha USB, kile cha ukubwa wa ukucha, nyuma ya kasha lililo chini ya meza kwenye kona. Kinashika, kinaachia. Mteja kasimama, fomu iko ukurasa wa mwisho, waifai hiyo imekwenda zake. Ukikichomoa hukishiki kwa joto.

Naomba kujua: iko kadi ya ndani inayoingia kwenye kinafasi hiki? Na Bluetooth nitaipata? Wateja wasio na bando wananirushia mafaili kwa Bluetooth, siwezi kuikosa.

KijanaWaKange

3020 mpaka leo? Ipeleke makumbusho ya Urithi, mkuu, ikae na picha za reli ya Mjerumani.

Steshenari_Ngamiani

Hiyo hiyo ndiyo inayolipa kodi ya fremu, mgosi. Wenye majibu karibuni.

Fundi_Bisibisi

Usimsikilize huyo. Mashine hiyo ukiiwekea SSD (diski ya kasi) bado itakula chumvi nyingi.

Kadi ipo. Ila usitoe hela kabla hujafungua kasha ukapima, maana ukienda dukani na maelezo ya mdomo utarudi na kitu kisichoingia.

Sloti yenye urefu wa inchi moja ni PCIe x1, yaani sloti ya kadi za ndani yenye njia moja ya data, na kadi karibu zote za waifai za kompyuta za mezani ni za x1. Hapo hujakwama. Kwa wengine wanaopita humu: kadi ya x1 inaingia pia kwenye sloti ndefu za x4 na x16, ile sehemu inayobaki ya sloti inakaa wazi tu bila madhara. Mwenye OptiPlex 9020 SFF, ambayo sloti zake zote mbili ni ndefu, asirudishe kadi akidhani haioani. Wala usiogope kuwa x1 ni nyembamba. Njia moja ya PCIe ya kizazi cha pili hubeba takriban megabaiti 500 kwa sekunde. Intaneti ya laini ya simu haigusi hata pembeni ya hapo.

Kinachokwamisha watu ni kile kibati cha chuma cha nyuma. Kibati cha kawaida kina kimo cha sentimita 12. Cha makasha membamba kama lako ni kama 8. Kadi iliyotundikwa dukani karibu kila mara imefungwa kile kirefu, na ukiichomeka kwenye SFF mfuniko haufungi. Kwa hiyo fungua boksi pale pale kaunta utafute kibati cha pili, kifupi. Kama hakimo, usinunue. Yule atakayekwambia "fundi atakikata" mwache aseme. Nimeshapokea mashine iliyokatiwa kibati kikiwa ndani ya kasha, unga wa chuma umejaa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), halafu mtu anauliza kwa nini haiwaki.

Angalia na ubao wenyewe, kimo chake kisizidi sentimita 7, maana zipo kadi zenye kibati kifupi kwenye picha ya boksi lakini ubao ni wa kasha kubwa la mnara. Halafu kuna hili la mapambo: kadi nyingi mpya zimevikwa hitisinki (bati la kupoza joto) nene ya rangi. Kama feni ya kadi yako ya grafiki inatazama upande huo, utaiziba pumzi. Kwenye kasha kama hilo kadi iliyo uchi, nyembamba, ndiyo nzuri.

Mpiga_Chapa_Makorora

Mbona mnaikuza? Ng'oa kibati kabisa, chomeka kadi hivyo hivyo, antena zitokee kwenye ule upenyo. Ya kwangu iko hivyo na inapiga kazi.

Fundi_Bisibisi

Itapiga kazi mpaka siku mtoto atakapovuta antena. Kadi isiyo na kibati inashikiliwa na sloti peke yake, na sloti ya x1 ni fupi, haina mshiko wa kutosha. Antena mbili zinaning'inia nyuma, kila ukisogeza meza kadi inainuka kidogo upande mmoja. Unapata waifai inayopotea bila sababu, na huo ndio ugonjwa anaotaka kuuponya mwenzetu. Kama huna budi, basi tumia waya wa antena wenye kitako cha mezani ili uzito usikae kwenye kadi.

Mpiga_Chapa_Makorora

Sawa daktari.

Binti_Raskazone

Naomba nilete upande mwingine. Kazi yangu ni mitandao, na kwa maelezo ya ndugu yetu sioni kama kadi ndiyo itakayoamua. Itaamua antena, na mahali itakapokaa.

Tazama kile kidude cha USB. Antena yake ni mstari wa shaba kwenye ubao, kimechomekwa nyuma ya kasha la chuma, na kasha liko chini ya meza kwenye kona. Kati yake na ruta kuna chuma, mbao, na kuta mbili za mawe. Sasa mtu akinunua kadi ya bei, akaiweka ndani, akafunga zile antena mbili fupi nyuma ya kasha lile lile kwenye kona ile ile, atapata nafuu kidogo tu. Chuma kinazuia mawimbi, na antena iliyobanwa kati ya kasha na ukuta inasikia upande mmoja tu.

Nunua kadi ambayo antena zake zinafunguka kwa skrubu, kisha tafuta kitako chenye sumaku na waya wa mita moja au zaidi. Hicho kitako kikae juu, juu ya kabati au ukutani, panapoonana na mlango. Waya usiwe mrefu kupita kiasi, maana waya mwembamba wa antena hula mawimbi kila sentimita, na kwenye masafa ya 5 GHz hula zaidi.

Jambo la pili: nyumba nyingi za Ngamiani zina korido katikati, kutoka barazani hadi uani. Hiyo korido ni mali. Mawimbi yatapita kwenye uwazi wa mlango kwa urahisi kuliko kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa mkono. Ruta ikisogezwa ikae kwenye mstari wa korido, hata kama bado iko uani, utashangaa. Isiwe sakafuni, isiwe nyuma ya friji.

Na antena zisimame wima. Nguvu yake hutoka ubavuni, si nchani. Wapo wanaoielekeza ncha kwa ruta kana kwamba wanalenga shabaha, na hapo ndipo penye mawimbi haba kuliko pote.

Steshenari_Ngamiani

Dada, umenifungua macho, ila nina swali. Kidude changu nimekichomeka kwenye mlango wa buluu wa nyuma, pembeni yake kuna hadi diski ya nje nayo ni ya buluu. Ina uhusiano wowote? Maana nimeona kinaachia hasa ninapohamisha picha za harusi.

Binti_Raskazone

Uhusiano upo, na mkubwa. Milango na waya hizo za buluu ni USB 3, na USB 3 ikiwa inafanya kazi hutoa kelele za redio zinazoangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz. Intel wenyewe waliandika waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012. Hadi diski, waya wake na mlango wenyewe vyote vinapiga kelele, na kidude chako kimekaa sentimita mbili kutoka hapo. Hakikatiki kwa sababu ya ruta, kinazibwa masikio.

Kwa leo, kabla hujanunua chochote: kihamishie kwenye mlango mweusi wa USB 2, na uweke waya wa kurefusha wa USB kitoke nyuma ya kasha kikae juu ya meza. Waya huo bei yake si ya kuumiza. Joto nalo litapungua kwa sababu kitapata hewa.

Halafu ingia Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), fungua sifa za hicho kidude, sehemu ya umeme, uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Windows hupenda kukilaza usingizi katikati ya kazi.

Mzee_wa_Pongwe

Wanangu, hamjambo. Nyote mnazungumza habari za kufungua kasha. Mimi kasha sifungui. Kompyuta hiyo ina mlango wa waya wa mtandao kwa nyuma, mzima kabisa, haujakaliwa na mtu. Chukua ruta ndogo ya zamani, iweke kwenye hali ya mteja, yaani ipokee waifai ya ruta ya uani na kuitoa kwa waya. Waya mfupi kutoka hapo hadi kwenye kompyuta. Hakuna sloti, hakuna kibati, hakuna draiva (programu ya kuendesha kadi). Ruta hiyo unaipachika popote panaposhika vizuri, hata juu ya mlango, kwa sababu waya wa mtandao unaweza kwenda mpaka mita 100. Na ukiongeza printa yenye mlango wa mtandao, nayo inachomeka hapo hapo.

Binti_Raskazone

Shikamoo mzee. Mawazo yako ni mazuri na kwa ofisi yenye kompyuta tatu au nne ndiyo ningeyachukua. Kwa kompyuta moja naona unaongeza kifaa cha pili kinachotaka umeme. Umeme ukiyumba kompyuta iko kwenye UPS (betri ya akiba), ruta ndogo haiko. Isitoshe si kila ruta ya zamani ina hiyo hali ya mteja, nyingine hadi ubadilishe programu yake ya ndani.

Mzee_wa_Pongwe

Marahaba mwanangu. Na hiyo ruta ndogo iwekwe kwenye UPS pia, haili umeme. Lakini nimekuelewa.

KijanaWaKange

Mbona hakuna anayesema aweke waifai 6? Mambo ya kizamani haya. Kadi ya AX200 inaita spidi ya gigabiti mbili na zaidi.

Fundi_Bisibisi

Inaita, ndiyo. Gigabiti 2.4, iwapo ruta yako nayo ni ya waifai 6 na ina uwezo wa chaneli pana ya 160 MHz, na umekaa nayo chumba kimoja. Mwenzetu ana ruta ya laini ya simu nyuma ya kuta mbili. Bomba linalotoka nje ndilo jembamba. Anachohitaji ni muunganisho usiokatika. Kadi ya waifai 5, toleo la kabla ya hiyo 6, yenye antena mbili nzuri inamtosha na itabaki chenji ya chai na bada pale Barabara ya Nane.

Tena kuna njia ya bei nafuu zaidi ambayo watu wa Tanga tunaisahau. Ukiangalia kwa makini kadi nyingi za PCIe za kompyuta ya mezani, ndani yake ni kadi ndogo ya laptop iliyobebwa na ubao mkubwa. Ubao huo unauzwa peke yake. Sasa mafundi wa laptop hapa mjini wana maboksi ya laptop zilizokufa, na ndani ya kila moja kuna kadi ya waifai iliyo hai. Unatafuta kadi nzuri, mfano Intel 7260, ambayo ni ya waifai 5, njia mbili, megabiti 867 kwenye 5 GHz, na Bluetooth 4.0. Unanunua ubao wa kuibeba wenye kibati kifupi, unaunganisha.

Hapo macho yawe wazi kwenye aina ya kadi. Kadi za laptop za zamani ni mini PCIe, pana kidogo, zimefungwa kwa skrubu mbili. Za baadaye ni M.2, ndogo, skrubu moja, upana milimita 22 na urefu 30. Hiyo 7260 ilitoka kwa maumbo yote mawili. Ubao wa mini PCIe hauchukui M.2, na wa M.2 hauchukui mini PCIe. Vinyaya vya antena navyo vinatofautiana: vishikizo vya M.2 ni vidogo kuliko vya mini PCIe. Kwa macho vinafanana. Ukilazimisha kishikizo kikubwa juu ya kidogo unang'oa kile kichuma cha kwenye kadi, na hakuna risasi ya kuchomelea itakayokirudisha vizuri. Kikikaa sawa kinatoa mlio mdogo wa kubana. Bonyeza wima kwa kidole, si kwa bisibisi.

Na kwa hewa yetu ya chumvi hapa pwani, kadi iliyokaa kwenye boksi la fundi muda mrefu huja na meno yenye weusi. Futa meno yake kwa ufutio wa penseli, taratibu, kisha pitisha pamba yenye spiriti, iache ikauke. Nimefufua kadi nyingi kwa ufutio tu.

Mwalimu_Chumbageni

Samahani kudandia uzi. Mimi nina OptiPlex Micro, ile ya mkononi kabisa, haina sloti hata moja ya aina mnazosema. Fundi mmoja kaniuzia kadi ya Intel AX201 na ameniambia inaingia. Imeingia kweli, skrubu imefungwa, lakini kompyuta haioni kitu. Imekufa?

Fundi_Bisibisi

Mwalimu, huenda ni nzima. Micro ina sloti ya M.2 kwa ajili ya waifai, ndiyo maana imeingia. Tatizo ni kwamba AX201 si kadi kamili. Nusu ya kazi yake inafanywa na chipu za Intel zilizo kwenye mazabodi, na mazabodi za zamani hazina nusu hiyo. Inachomeka kwa sababu umbo ni lile lile. Hiyo ni ya kumrudishia aliyekuuzia. Omba AX200, ambayo imekamilika na inaongea PCIe ya kawaida. Kanuni ya kukumbuka kwa kadi hizi: 200 na 210 zinakwenda karibu popote, 201 na 211 zina masharti. Na hizo za 201 na 211 hazifanyi kazi kwenye ubao wa kubebea wa PCIe hata siku moja.

Kabla ya AX200 jiulize unatumia Windows gani. Intel hawakuitolea draiva ya Windows 7. Ukiwa na Linux, hakikisha kerneli (kiini cha mfumo) ni 5.1 kwenda juu. AX210 inataka 5.10.

Mwalimu_Chumbageni

Ahsante sana. Na antena? Hiyo Micro yangu nyuma ina tundu dogo lililozibwa na plastiki.

Fundi_Bisibisi

Hilo ndilo tundu lake. Toa kizibo, pitisha kinyaya chenye skrubu, funga nati, upande wa ndani uchomeke kwenye kadi. Kamwe usiiache kadi bila antena ukidhani chuma cha kasha kitasaidia. Chuma ndicho kinachozuia.

Binti_Raskazone

Kuhusu Bluetooth, naona swali la mwenye uzi limepita bila kujibiwa. Kadi ya PCIe yenye Bluetooth huja na waya mdogo. Waifai inapita kwenye sloti, lakini Bluetooth inapita kwenye USB, kwa hiyo waya huo lazima uchomekwe kwenye pini tisa za USB zilizo kwenye mazabodi. Usipouchomeka, waifai itafanya kazi na Bluetooth haitaonekana kabisa, na watu hudhani kadi ni mbovu. Kwenye makasha madogo pini hizo mara nyingine hazipo au zimeshakaliwa. Ikiwa hivyo, usisumbuke. Nunua kidude cha Bluetooth cha USB ukiweke mlango wa mbele, mbali na antena na mbali na hadi diski. Bluetooth yenyewe inatumia 2.4 GHz, zisibanane.

Steshenari_Ngamiani

Wadau, mrejesho.

Nilianza na ushauri wa dada wa Raskazone: mlango mweusi, waya wa kurefusha, tiki ya umeme nimeiondoa. Kukatika kulipungua sana siku hiyo hiyo, hadi nikafikiria kuishia hapo. Lakini mawimbi yalikuwa vipau viwili tu na video ya mafunzo ya mteja ilikuwa inakwama.

Nikaenda kwa fundi wa laptop karibu na soko la Mgandini, kaniuzia Intel 7260 ya mini PCIe iliyotoka kwenye laptop yenye kioo kilichovunjika. Ubao wa kubebea Tanga sikuupata. Jamaa yangu kaununua Kariakoo kaupakia kwenye basi, nikaupokea Kange. Kibati kifupi kilikuwamo. Kwenye ubao huu kibati kinashikwa na zile nati za antena zenyewe, kwa hiyo kukibadilisha ni kufungua nati mbili tu.

Kasha nimelichomoa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwasha nikiwa nimechomoa ili chaji iliyobaki iishe, nikashika chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Imeingia bila kulazimisha. Kati yake na kadi ya grafiki inapita sarafu, si zaidi.

Windows 10 ilikuwa na draiva yake, ila iliyokuja yenyewe ilikuwa ya zamani, nikaunganisha simu kwa waya wa USB, nikachukua intaneti ya simu na kuvuta mpya. Mtu asiye na kidude kingine akumbuke ujanja huu, maana kadi mpya bila draiva haiwezi kujitafutia draiva.

Bluetooth haikuwezekana. Ubao niliopata hauna pini za waya wa USB, hivyo Bluetooth ya 7260 imelala. Nimeweka kidude cha USB mbele, wateja wanarusha kama kawaida.

Antena nimezitoa kwenye kasha, ziko kwenye kitako cha sumaku juu ya kabati la karatasi, zinatazama mlango wa korido. Na ruta nimeisogeza, sasa iko dirishani kwa upande wa uani, mkabala na korido. Bi mkubwa alilalamika kidogo kwa sababu ya pazia lake. 2.4 GHz inashika vipau vyote. 5 GHz inaonekana lakini inayumba, nimeiacha.

Binti_Raskazone

Hongera. 5 GHz kwa kuta hizo usiihangaikie. Ila ingia kwenye ruta utazame chaneli. Ngamiani nyumba zimebanana na kila mtu ana ruta. Chagua kati ya 1, 6 na 11, ile yenye majirani wachache, na upana uwe 20 MHz. Usiweke 3 wala 8 kwa kudhani ni katikati hakuna mtu, hapo unasikia kelele za pande zote mbili.

Mpiga_Chapa_Makorora

Na hiyo Windows 10? Si imeshaachwa tangu Oktoba 14, 2025?

Steshenari_Ngamiani

Masasisho ya kawaida ndiyo, yalikoma. Na prosesa hii ya kizazi cha nne haiko kwenye orodha ya Windows 11, wao wanaanzia cha nane. Najaribu Linux kwenye SSD ya pembeni. 7260 imetambuliwa yenyewe bila kuweka kitu. Tatizo langu sasa ni programu ya kudizainia kadi, lakini huo ni uzi mwingine.

Mzee_wa_Pongwe

Mwanangu, hiyo kadi ya grafiki pamoja na ya waifai, joto vipi?

Steshenari_Ngamiani

Shikamoo mzee. Nimepima baada ya kuprinti mchana kutwa, grafiki imepanda nyuzi chache tu. Kasha nimelitoa kwenye kona likapata hewa, na mavumbi ya feni nimeyapuliza nilipokuwa nimefungua. Kadi ya waifai yenyewe ni vuguvugu, si kama kile kidude.

Mama_Rimu_Tatu

Nimesoma uzi wote, ahsanteni. Mimi nina OptiPlex 7010 ya mnara. Ina sloti nyingi, lakini kadi ya grafiki ni nene, imefunika ya jirani. Kuna moja nyeupe iko wazi pembeni kabisa, kadi yenye x1 inagoma kuingia. Niisukume?

Fundi_Bisibisi

Dada, usisukume hata kidogo. Hiyo ni PCI ya zamani, meno yake na mkato wake ni tofauti, kadi ya x1 haiingii hapo hata ukiikalia. Mnara wa 7010 una ndefu mbili, moja fupi ya x1, na hiyo PCI. Kama fupi ndiyo iliyofunikwa, angalia ile ndefu ya pili, imeandikwa x16 lakini nyaya zake ni za x4. Kadi yako itakaa humo bila shida. Na kwa mnara usibadilishe kibati, kirefu ndicho chake.